Noti Inapoishia

Sikiliza sekunde za mwanzo za "Wichita Lineman", wimbo wa Glen Campbell wa mwaka 1968. Kabla Campbell hajafungua kinywa, besi inashuka kwa noti chache tu. Kila noti inagonga kama kucha kwenye mlango wa mbao, inanenepa kidogo, kisha inakatika. Haififii taratibu kama kengele. Noti inayofuata inaikuta nafasi iko wazi.

Aliyezipiga ni Carol Kaye, mwanamke wa miaka 33 aliyekuwa akiishi kwa kupiga muziki katika studio za Los Angeles. Alipiga kwa piki. Piki, kwa asiyeijua, ni kijiplastiki cha pembe tatu kinachoshikwa kati ya kidole gumba na kidole cha shahada. Wapiga udi wa taarab wana yao, risha, neno la Kiarabu lenye maana ya unyoya, kwa sababu zamani ilikuwa unyoya kweli. Kwenye udi hakuna anayeilalamikia. Kwenye besi ni habari nyingine. Mimi napiga besi kwa piki, na katika bendi nyingi nilizopitia Dar es Salaam jambo hilo hukubaliwa kwa shingo upande. Besi ni kidole, wakubwa husema, na mazungumzo huishia hapo.

Wanaoikataa piki huwa wanasikia noti inavyoanza, ile "tak" ya plastiki kwenye chuma. Kwangu mimi ugumu wa piki uko upande wa pili, pale noti inapoishia. Kuianzisha noti kwa piki mtoto wa shule anaweza. Kuizima kwa wakati wake, na kuhakikisha nyuzi nyingine tatu zimenyamaza, ndiyo kazi. Kazi hiyo ya kuzima ina historia yake, na nilipoanza kuifuatilia ilinifikisha kwenye ugomvi mkubwa kuliko nilivyotarajia: ugomvi wa nani hasa alipiga besi kwenye baadhi ya nyimbo zilizosikika zaidi katika karne ya 20.

Tatizo lenyewe lina umri unaojulikana. Kabla ya 1951, besi ya bendi ilikuwa kontrabasi, lile sanduku kubwa la mbao linalosimama kumpita mpigaji. Ikiwa na nyuzi za utumbo, sauti yake huvimba haraka na kufa haraka. Mpigaji hakuhitaji kuizima sana kwa sababu ala yenyewe ilimfanyia kazi hiyo. Mwaka 1951 Leo Fender, fundi redio wa Fullerton, California, akatoa gitaa la besi aliloliita Precision. Lilikuwa ubao mzito usio na uwazi ndani, lenye nyuzi za chuma. Ubao mzito haunywi mtikisiko wa uzi kama sanduku jembamba linavyounywa, kwa hiyo noti iliendelea kulia muda mrefu baada ya mpigaji kuimaliza shughuli nayo.

Fender mwenyewe alilijua hilo. Juu ya daraja, yaani pale nyuzi zinapofungwa upande wa mkono wa kulia, aliweka kifuniko cha chuma kinachong'aa, na ndani ya kifuniko akabandika kipande cha sponji kinachozigandamiza nyuzi kutoka juu. Yaani ala ilitoka kiwandani ikiwa imeshazibwa mdomo nusu. Alipotoa modeli ya Jazz mwaka 1960, kila uzi uliwekewa kizimio chake kidogo. Kampuni ya Rickenbacker nayo iliweka sponji chini ya nyuzi, ikapandishwa na kushushwa kwa skrubu. Leo vitu hivi huonekana kama mapambo ya makumbusho, na wengi wakinunua besi ya zamani huving'oa siku hiyohiyo. Lakini kwa waliozibuni, besi isiyozimwa ilikuwa besi ambayo haijakamilika.

Ukifikiria muziki ulivyowafikia wasikilizaji, utawaelewa. Wimbo wa miaka ile ulikwenda kwa watu kupitia santuri ndogo na redio yenye spika isiyozidi kiganja. Katika santuri, sauti nzito huchorwa kwa mfereji mpana unaoyumba sana. Besi nene inayolia mfululizo hula nafasi ya wimbo, na ikizidi huweza kuirusha sindano. Spika ndogo nayo haina uwezo wa kutoa uzito wa chini kabisa, kwa hiyo besi ndefu isiyo na mgongo haisikiki kama besi bali kama ukungu uliotanda juu ya kila kitu. Kilichopenya ni mgongo ule wa mwanzo wa noti. Piki ilileta mgongo, na kizimio kikaondoa ukungu. Viwili hivyo vilihitajiana.

Nashville walilifumbua fumbo hili kwa kugawa kazi. Bob Moore alipiga kontrabasi, na pembeni yake Harold Bradley akazifuata noti zilezile kwa gitaa la besi lenye nyuzi sita, kwa piki, akiwa ameulaza ukingo wa kiganja juu ya nyuzi karibu na daraja. Sauti iliyotoka ilikuwa fupi na kavu kiasi kwamba mtindo huo uliitwa kwa mlio wake: tik-tak. Sikiliza "Crazy" ya Patsy Cline, ya mwaka 1961, ambayo wote wawili wamo. Sikio la kawaida linasikia besi moja. Ukitulia, unamsikia mmoja akitoa nyama na mwingine akitoa mfupa.

Kiganja cha Bradley ndicho kizimio cha zamani kuliko vyote, na kinafaa kuelezwa kwa sababu vijana wengi wanakijua kupitia gitaa la roki pekee. Weka ule upande wa kiganja ulio chini ya kidole kidogo mahali nyuzi zinapoachana na daraja. Ukiwa juu ya daraja kabisa, hakuna kinachobadilika. Sogea mbele milimita mbili au tatu, noti inakuwa nene na fupi. Sogea tena, inabaki "tup" isiyo na jina, hujui ni C au ni mlango. Umbali wote kati ya besi wazi na besi iliyokufa hauzidi upana wa kidole, na unapaswa kuupata mkono ukiwa unatembea juu na chini. Faida yake ni kwamba unaweza kubadili mawazo katikati ya mstari: beti iwe kavu, kiitikio kifunguke. Hasara yake ni uchovu. Saa mbili za kiganja zinatosha kumfanya mtu atamani kontrabasi.

Carol Kaye aliikimbia hasara hiyo. Alizaliwa mwaka 1935 Everett, jimbo la Washington, wazazi wake wote wakiwa wanamuziki, na akakulia Wilmington, karibu na bandari ya Los Angeles. Akiwa na miaka 14 alikuwa tayari anafundisha gitaa ili kusaidia nyumbani. Miaka ya 1950 alipiga jazi kwenye vilabu vya usiku, na mwaka 1957 akaitwa studio kupiga gitaa kwenye rekodi za Sam Cooke. Gitaa la "La Bamba" ya Ritchie Valens, 1958, yumo pia. Mwaka 1963, katika studio za Capitol huko Hollywood, mpiga besi aliyetarajiwa hakutokea, na Kaye akakabidhiwa besi. Alikuwa mpiga gitaa, mkononi alikuwa na piki, akaipiga besi kwa piki. Huo ndio mwanzo, hauna falsafa yoyote ndani yake.

Falsafa ilikuja na kitambaa. Kaye alichukua feliti, kile kitambaa kinene cha sufu iliyoshindiliwa, akakikunja na kukibandika kwa utepe juu ya nyuzi, pale kwenye daraja. Nyuzi zake zilikuwa zile zilizozungushiwa utepe bapa wa chuma, laini kwa kugusa, zisizokwaruza. Piki yake ilikuwa ngumu. Mkono wake ulikwenda kwa kanuni ambayo baadaye aliifundisha kwa miaka mingi: chini kwenye pigo, juu kati ya pigo na pigo, bila kubadilika, kama pendulamu. Kwa mpango huo mtu mmoja alitoa nyama na mfupa vyote viwili. Watayarishaji waliokuwa wamezoea kuweka besi mbili ndani ya wimbo mmoja walipata nyingi ya sauti hizo kwa mpigaji mmoja, ingawa hawakuiacha kabisa tabia yao: kwenye "These Boots Are Made for Walkin'" ya Nancy Sinatra, Chuck Berghofer ndiye anayeteleza kwenye kontrabasi na Kaye yumo kwa besi ya umeme.

Niliijaribu feliti hiyo nyumbani. Sikuwa na feliti ya cherehani wala ya duka la ala, nikatumia vile vibandiko vya duara vinavyowekwa chini ya miguu ya viti visikwaruze sakafu. Kabla ya hapo nilikuwa nimejaribu sponji ya kuoshea vyombo, ambayo inafaa, ila inakula sauti kupita kiasi usipoikata nyembamba. Kitu cha kwanza nilichogundua ni kwamba "tak" ya piki ililainika. Feliti hufyonza zile sauti ndogondogo za juu zinazoipa plastiki ukali wake, na kinachobaki ni mgongo bila makelele. Kitu cha pili hakikunifurahisha sana. Noti ndefu husitiri mengi. Ukichelewa kidogo, mkia wa noti iliyotangulia unakuzibia pengo. Feliti huukata mkia huo, na kila noti inasimama peke yake ikijulikana imewahi au imechelewa. Baada ya wiki mbili nilielewa kwa nini watu waliofanya kazi hiyo kila siku walikuwa na mkono thabiti namna ile: walipiga siku nzima mahali pasipo na pa kujificha.

Na ilikuwa siku nzima kweli. Kikao cha kawaida cha studio kilikuwa cha saa tatu, nyimbo kadhaa ndani yake, kisha gari hadi studio nyingine. Idadi ya vikao vya Kaye hukadiriwa kufikia 10,000. Amepiga kwenye "Pet Sounds" ya The Beach Boys ya mwaka 1966, na kwenye muziki wa kuanzia wa "Mission: Impossible" alioutunga Lalo Schifrin, ule wa mapigo matano. Kwa mtu anayeingia studio tatu kwa siku, kizimio kisichochoka ni sawa na viatu vizuri.

Feliti hata hivyo inazima mikia tu. Bado kuna nyuzi ambazo hukuzigusa, na hapa ndipo mpiga piki anapokuwa na kazi kumzidi mpiga kidole. Anayepiga kwa kidole, kidole chake kikishavuka uzi hutua kwenye uzi wa jirani na kuunyamazisha bila yeye kuwaza. Piki hupita hewani, haitui popote. Ukipiga noti juu, uzi mnene wa chini huanza kutikisika kwa kuitikia, na kwenye spika kubwa ukumbi mzima unaungurumiwa. Kwa hiyo kiganja cha kulia hulala juu ya nyuzi nene unapopiga nyembamba, na vidole vya kushoto, badala ya kusimama wima kama vijiti, hulala bapa kidogo ili ncha iguse uzi mmoja na tumbo la kidole liguse ule wa pili. Kuikata noti yenyewe ni kulegeza kidole bila kukiinua: uzi unaachana na ubao lakini haujaachana na ngozi. Mwalimu asiyesema haya anamfundisha mwanafunzi nusu ya ala.

Sasa tuhame pwani hiyo, twende Detroit, kwenye nyumba ya West Grand Boulevard iliyoandikwa Hitsville U.S.A., makao ya Motown. Huko alikuwepo James Jamerson, aliyezaliwa mwaka 1936 Edisto Island, South Carolina, mpiga kontrabasi aliyehamia besi ya umeme. Hakutumia piki. Alitumia kidole kimoja tu cha shahada, kilichopewa jina la "ndoano". Lakini tazama vilivyobaki: besi ya Precision, nyuzi za utepe bapa, nene, ambazo inasemekana hakuzibadilisha mpaka zikatike, na sponji chini ya kifuniko cha daraja. Ukiondoa kidole na piki, Detroit na Los Angeles zilikuwa zimevaa nguo moja.

Kaye amedai kwa miaka mingi kwamba ndiye aliyepiga besi kwenye baadhi ya nyimbo za Motown, miongoni mwazo "Bernadette" ya Four Tops na "I Was Made to Love Her" ya Stevie Wonder, zote za mwaka 1967. Motown ilikuwa na shughuli Los Angeles kabla ya kuhamia huko mwaka 1972, kwa hiyo dai lenyewe si la mwendawazimu. Waliokuwa Detroit wamelikataa, na Allan Slutsky, aliyeandika kitabu cha maisha ya Jamerson mwaka 1989, alilipinga kwa nguvu. Jamerson hakuweza kusema tena. Alifariki mwaka 1983. Kama kila jalada lingeandikwa majina, ugomvi huu usingekuwepo. Motown haikuandika majina ya wapigaji wake kwenye majalada hadi 1971, ilipotoka "What's Going On" ya Marvin Gaye. Kwa zaidi ya miaka kumi mamilioni ya watu walicheza besi ya mtu wasiyemjua jina.

Wengi huuingia ugomvi huu kwa upande: mwanamke aliyenyimwa haki yake, au mtu mweusi anayeporwa kazi yake baada ya kifo. Zote mbili ni dhuluma ambazo historia ya muziki inazo tele, na ndiyo maana damu huchemka. Ninachoweza kuongeza ni jambo dogo la ufundi. Kinachoufanya ugomvi huu uwezekane ni kizimio. Mpigaji hujulikana kwa vitu vingi: anavyoiacha noti ife, anavyotikisa uzi, mng'ao wa sauti zake za juu. Feliti na sponji huvifuta karibu vyote. Vinabaki viwili, mgongo wa noti na wakati wake, na ushahidi wote lazima utafutwe humo.

Mle ndani, kuna tofauti. Piki inayokwenda chini na juu bila kubadilika hutoa noti zinazolingana uzito, zilizopangwa kama shanga. Kidole kimoja hakiwezi kulingana namna hiyo kikikimbia. Kinabeba noti moja na kuiburuta inayofuata, kinashuka kutoka uzi mwembamba hadi mnene kwa mkwaruzo mmoja, kinajiegemeza kwenye nyuzi zilizo wazi ili kupata nafasi ya kupumua. Nikiisikiliza "Bernadette" kwa sikio hilo, nasikia kuburuta. Nasikia ndoano. Nikirudi "Wichita Lineman" nasikia shanga. Sikio langu si mahakama, na mpigaji hodari anaweza kuiga mkono wa mwenzake, lakini kwa nyimbo hizo mbili niko upande wa Detroit. Wala simwoni Kaye akipungua kwa hilo. Kazi zake zisizobishaniwa zinatosha kujaza maisha ya wapigaji kumi.

Wakati majina yalipoanza kuandikwa, vizimio vilikuwa vimeanza kung'olewa. Waingereza walikuwa wameshatoa nyuzi zilizozungushiwa waya wa mviringo, zenye mlio mkali kama wa piano, na wapiga piki kama Chris Squire wa bendi ya Yes walitaka kila sauti ya juu isikike. Spika zilikua, santuri ndefu zikaenea, ukungu ukaacha kuwa tatizo la kila siku. Vile vifuniko vya chuma vya Fender vilifunguliwa na kugeuzwa juu chini, vikawa vya kukung'utia majivu ya sigara; mpaka leo mafundi wa Marekani huviita hivyo, sahani za majivu. Kaye alikuwa ameshaandika kitabu chake cha kufundishia besi ya umeme mwaka 1969, akakichapisha mwenyewe, na aliendelea kufundisha piki ngumu na feliti kwa kizazi ambacho hakikuwa na haja navyo. Siku hizi haja imerudi. Watayarishaji wanaoifukuzia sauti ya miaka ya 1960 hununua vizimio vya mpira vilivyotengenezwa kiwandani, kwa bei ambayo ingenunua vibandiko vya viti vya mtaa mzima.

Mwaka 2025 jumba la heshima la roki la Marekani, Rock and Roll Hall of Fame, lilimteua Kaye. Alikuwa na miaka 90. Akasema hatashiriki. Miongoni mwa sababu alizotoa ni kwamba huitwa mmoja wa "Wrecking Crew", jina walilopachikwa wanamuziki wale wa Los Angeles na ambalo mpiga dramu Hal Blaine alilieneza. Kaye anasema enzi zile hakuna aliyewaita hivyo. Aliyepiga miaka yote ile bila jina kwenye jalada hakutaka kuandikwa kwa jina lisilo lake.